Upande wa Kushoto wa Mama Mkwe

Tarehe 4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia, na kwamba kaka na wifi wanakuachia kiti chako cha dirishani. Ningekupigia, lakini najua kwako simu ni ya misiba tu.

Ndani ya boksi hili kuna chombo cha anga. Usicheke kwanza. Najua nilikuahidi Mama Mkwe, na Mama Mkwe utampata. Tangu uliponiambia kwamba wamemvuta hadi yadi ya vyuma chakavu wakamkata vipande, sina raha. Miaka ishirini na sita umeendesha kichwa kile cha treni, halafu watu wenye mtungi wa gesi wanakimaliza kwa siku mbili! Sikutaka kukuandikia pole. Nilisema nitamjenga upya, mdogo wa kukaa mezani, na atakuwa yeye hasa, si injini yoyote tu iliyopakwa rangi yake.

Shida ni kwamba mikono yangu imezoea meno bandia. Hayo nayaweza: nta, plasta, kusugua, kung'arisha. Wiki hii wazee wawili wametoka karakanani kwetu wakitabasamu ovyo hata kwa watu wasiowajua. Lakini jino linatakiwa litoke safi. Injini iliyofanya kazi miaka yote hiyo ina kutu, ina masizi, rangi imebanduka, na hayo sikuwahi kujifunza. Kujifunzia kwa Mama Mkwe mwenyewe naogopa, maana nikikosea mlango wake, wewe utajua kabla sijafungua mdomo. Ndiyo maana nimeanza na vyombo vya anga. Kitu ambacho hakijawahi kuwepo hakina dereva mstaafu wa kuniambia komeo halikai pale.

Hiki nimekijenga kwa vifuniko vya manukato, mirija ya kalamu na mabaki ya plastiki ya karakana. Nimejifunza ujanja mmoja mpya. Unapaka rangi ya kutu kwanza, unailowesha, unanyunyiza chumvi ya jikoni, halafu unapuliza rangi ya juu. Ikikauka unaisugua ile chumvi itoke, na rangi inabaki imebanduka kama iliyopigwa jua miaka kumi. Kwa hiyo usiseme natia chumvi. Nimeitia kweli.

Rangi yenyewe sikutajii. Kitazame dirishani kwenye mwanga, kisha uniambie.

Jambo la mwisho. Picha tuliyonayo ni ile moja, umesimama umeshika kiuno, na Mama Mkwe anaonekana upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ulikuwaje? Nipe rangi, maandishi, mikwaruzo, kila kitu.

Binti yako,
Fundi Meno


Tarehe 19 Machi

Mwanangu Fundi Meno,

Marahaba. Mgongo ni wangu, tumeshazoeana. Anayeandika ni kaka yako Karani, mimi nasema tu, kwa sababu mkono wangu umekuwa mvivu siku hizi. Unamjua mwenyewe. Ofisini kwao wamemfundisha kuandika linalosemwa, hapunguzi hata kikohozi.

Chombo kimefika kizima. Nimekiweka dirishani kama ulivyosema na nimekitazama sana. Buluu hiyo imetulia. Ni buluu ya kazi, si ya madaha. Fundi viatu wa jirani alipita, nikamwonyesha, akakosa la kusema, na wewe unajua yule hakosi la kusema. Nikamwambia, huyu ndiye yule aliyekuwa akiifungua saa yangu ya mezani akiwa darasa la tatu na kuirudishia bila kubakiza skrubu.

Waambie wenzako wa karakana kwa nini tulimwita Mama Mkwe. Alikuwa mzito, mwenye kelele, na asubuhi usipomsalimia vizuri hawaki. Madereva wengine walipiga teke. Mimi nilisalimia.

Sasa upande wa kushoto. Mlango unaufikia kwa ngazi nne. Chuma cha kushikia kiko karibu na bega. Asubuhi ni baridi mpaka mfupani, mchana kinaunguza, kwa hiyo nilikizungushia waya wa umeme wenye mpira, mizunguko kumi na mmoja. Ukipanda, kiganja kinatua hapo chenyewe. Komeo liko usawa wa mbavu. Linakwenda chini, si juu, na kuna mahali linakataa kidogo halafu linakubali. Ukingo wa kidirisha umelainika pale kiwiko changu kilipokaa. Chini yake kuna ribiti, ile misumari ya kichwa cha mviringo inayoshika mabati. Ziko kumi na nne. Nimezihesabu kwa kidole maisha yangu yote nikisubiri taa ya njia iniruhusu.

Fanya kazi za watu vizuri. Nasikia sasa karakana nzima umekabidhiwa wewe.

Baba yako,
Dereva


Tarehe 2 Aprili

Kaka Karani,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako. Nyingine mbili za hasira nimezichana.

Buluu? Kaka, chombo kile ni kijani! Kijani cha majani mabichi, na mkiani kina mstari mwekundu upana wa kidole. Nimehangaika nacho wiki tano. Nimelala na rangi kwenye kucha, wateja wananiangalia vidole kabla sijawagusa midomo. Halafu Baba anasema amekitazama sana, buluu imetulia. Hakukitoa hata kwenye boksi.

Kama anaona nachezea vitu vya watoto, aniambie. Nitaumia, lakini nitaelewa. Kinachonikera ni kusifiwa kama mtoto anayeonyesha mchoro wake mgeni akiwa sebuleni. Na nimemuuliza rangi, ananijibu baridi na moto. Nimemuuliza maandishi, ananipa kiwiko. Nitajengaje upande mzima wa injini kwa kiwiko?

Halafu wewe. Ulikuwepo. Kijani kilikuwa mbele ya macho yako na mkono wako ukaandika buluu. Kwa nini?

Mdogo wako


Tarehe 13 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nilikuwa naisubiri. Isingekuja, ningesema akili niliyokudhania huna.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Baba aliniapisha nisikwambie jambo fulani. Niliapa kutosema. Sikuapa kusahihisha. Aliposema buluu, kalamu ilisimama. Nikamuuliza, "Niandike buluu, Baba?" Akanijibu, "Andika ninachosema, Karani." Nikaandika. Nilijua chombo umekipaka wewe, kwa hiyo utajua.

Kwa hiyo mimi sikuambii kitu. Nakupa habari za nyumbani tu. Kutoka kitandani kwake hadi mlango wa uani ni hatua kumi na tisa, na anazihesabu kwa midomo. Juzi wifi yako alisogeza stuli ya jikoni ikawa kesi mpaka jioni. Gazeti bado analitaka kila asubuhi, analifunua ukurasa kwa ukurasa, na Jumanne alilisoma lote juu chini. Daktari anasema ni presha ya macho, imeshamaliza kazi yake pande zote mbili, na hairudi nyuma.

Haya, nimesema. Basi nimesema.

Hofu yake ya kwanza ni wewe. Ndiyo kwanza umepewa karakana. Anasema, "Atakuja mbio kunishika mkono, na watu watabaki bila meno." Hofu ya pili hakuitaja, ila naijua. Kila mtu wa mji huu akimwona Baba anamwita Dereva. Dereva asiyeona ni kitu gani? Unamjua, ni mtu wa kufa na tai shingoni.

Ila hapo ulipoandika kwamba hakukitoa kwenye boksi, umemkosea. Kila akimaliza chai ya asubuhi anakipakata kama paka. Vidole vinapita polepole, vinafika pale chumvi yako ilipobandua rangi, vinasimama. Ananiuliza, "Hapa amefanyaje?" Namsomea tena ule ujanja, na anacheka. Anaujua kwa moyo lakini anataka asomewe. Yote aliyokuandikia ni kweli. Alibahatisha rangi tu.

Usije mbio, na usimwambie kwamba unajua. Ukimnyang'anya hilo, sijui atabaki na nini. Tafuta njia yako mwenyewe, wewe ndiye fundi.

Kaka yako


Tarehe 20 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilibadili somo katikati ya muhula.

Barua yako ya Machi nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nilikuwa mjinga kidogo, nilitafuta picha wakati mchoro wote ninao mkononi. Sasa nafanya mazoezi ya kujenga kama ulivyonieleza, na hiki ni chombo cha anga cha pili. Rangi imechelewa dukani, kwa hiyo nakuletea kikiwa cheupe kitupu. Nisamehe.

Humu nimejifunza mambo matatu. Ribiti ni matone ya gundi, ninayaweka moja moja kwa ncha ya pini, na tone likizidi kidogo tu linatambaa na kuharibu mstari mzima. Mishono ya kuchomelea ni nta, kwa kisu kile kile cha meno. Na kila bati nimelisugua kwa msasa wake: mengine yamekwaruza, mengine laini kama ndani ya kikombe.

Nimeweka makosa manne kwa makusudi. Yatafute. Wewe ndiye mkaguzi.

Maswali: Komeo linakataa mwanzoni au katikati? Mizunguko ya waya inaanzia juu au chini? Mguu unaotangulia ngazini ni upi? Na je, kuna kitu upande ule ambacho picha hata ingekuwepo isingekionyesha?

Binti yako,
Fundi Meno


Tarehe 6 Juni

Mwanangu Fundi Meno,

Marahaba. Ulisema makosa manne. Nimepata matano.

La kwanza, ribiti moja imekosekana tumboni. La pili, mshono wa nyuma umekatika kabla ya kona. La tatu, mabawa hayalingani, la kushoto limezidi upana wa ukucha. La nne, bati moja la pembeni limegeuzwa, msasa wake unakwenda kinyume na wenzake. Hayo naamini ni yako. La tano ni kifuniko cha juu, kinacheza. Hilo hukulipanga, na nimefurahi kulipata kuliko yote manne. Karani amenifanya nirudie mara mbili ili aandike vizuri.

Majibu. Komeo linakataa katikati. Waya unaanzia chini. Mguu wa kushoto unatangulia.

Na swali lako la mwisho. Ngazi ya tatu. Mwaka wangu wa pili na Mama Mkwe, toroli la mizigo liliigonga ikapinda, upande wa nje ukashuka. Mafundi wa yadi walikuja mara tatu kuinyoosha na mara tatu niliwafukuza. Mgeni akipanda anateleza hapo. Mimi mguu wangu uliijua, ulijiweka pembeni wenyewe. Kwenye giza la alfajiri nikimsikia mtu amepanda bila kuteleza, nilijua ni wetu. Sijawahi kumwambia mtu hilo, labda msaidizi wangu wa treni.

Una maswali mazuri siku hizi. Zamani uliuliza rangi.

Baba yako,
Dereva


Tarehe 11 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Boksi hili kubwa ni Mama Mkwe. Ana urefu wa mkono wangu mzima, kwa hiyo mshike kwa mikono miwili na wifi asimame karibu.

Kabla yake nimejenga vyombo vya anga vinne. Viwili vya mwisho nimevijenga nimejifunga kitambaa machoni, saa ya mapumziko ya mchana, pale pale kwenye meza ya meno. Wasaidizi wangu walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu mmoja akaja na kitambaa chake. Nimejifunza kwamba jicho ni mwongo mkubwa. Nilichokiona kimenyooka kidole kilikikuta kimepinda, na nilichokiona kinapendeza kidole hakikukikuta kabisa.

Wifi atauliza kwa nini basi nimempaka rangi. Nilijiuliza pia, maana rangi ni adui. Ikizidi inaziba ribiti na kulainisha kila kitu. Nimeipuliza nyembamba mno, tabaka tano, na upande wa kushoto nimeukwangua na kuuanza upya mara tatu. Lakini Mama Mkwe hakuwahi kutoka yadi bila rangi. Na fundi viatu atamwona, na msaidizi wa zamani wa Baba atamwona. Sitaki Baba akae na injini ambayo kila mgeni anaona haijakamilika isipokuwa mwenye nayo.

Nimempaka hata chini ya tumbo. Hapo hakuna atakayeona, mwenye macho wala asiye nayo. Nilijua mimi tu, na ikatosha.

Mizunguko ya waya ni uzi uliopakwa gundi, kumi na mmoja, kuanzia chini. Komeo linafanya kazi, nililing'ang'ania siku kumi na mbili mpaka likakataa pale panapotakiwa. Ngazi ya tatu usiniulize. Kaka, sijawahi kujivunia kitu hivi, hata siku niliyopata cheti changu. Na naogopa hivyo hivyo. Kama si yeye, Baba atajua kwa kidole kimoja, na atanisifu tu kwa upendo, na mimi nitaisikia sifa hiyo ilivyo.

Usimwelekeze. Mwekee mezani, nyamaza, kisha uniandikie.

Mdogo wako


Tarehe 29 Agosti

Mwanangu,

Leo naandika mwenyewe. Karani alitaka kuniwekea rula nikamkatalia. Ukikuta mstari umepanda mgongoni mwa mwenzake, usome hivyo hivyo, yote ni maneno yangu.

Mama Mkwe amefika. Nilimwita msaidizi wangu wa zamani na fundi viatu, nikavaa koti la kazi, vifungo vyote. Karani akamweka mezani akarudi nyuma. Nilianza upande wa kulia kwa adabu, kwa sababu huo kila mtu anao kwenye picha. Ni mzuri. Halafu nikamgeuza.

Kidole kikapanda ngazi ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu kikajiweka pembeni chenyewe, mwanangu, kabla sijakiamuru. Nikashika waya. Nikahesabu, kumi na mmoja. Nikafika kwenye komeo, likaenda chini, likakataa, likakubali. Msaidizi wangu anasema nilimsalimia Mama Mkwe kwa sauti. Sibishi. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kukwambia. Kazi hiyo moja macho yangu bado yanaiweza.

Kosa lipo moja. Honi ni mbili, na ndefu ni ya kushoto, wewe umeiweka kulia. Usiirekebishe. Msaidizi wangu alikaa na mimi miaka tisa mle ndani na hakugundua mpaka nilipomwambia, na yeye anaona mpaka senti iliyoanguka barabarani.

Kisha wakaanza kusifu rangi. Wote watatu kwa pamoja, na wifi yako akatoka jikoni kuongeza. Mimi nikakaa natikisa kichwa kama mtu anayejua. Mwaka mzima nimetikisa kichwa hivyo, shingo inaniuma. Nikafikiri, mtoto huyu amekaa miezi anapaka, na mimi nitaikosa kazi yake kwa sababu ya kiburi? Nikasema, "Mimi sioni. Tangu mwaka jana sioni kitu. Niambieni rangi."

Nilisikia kijiko cha wifi yako kikiwekwa chini. Halafu msaidizi wangu akavuta kiti karibu akaanza. Akaniambia ni nyekundu ya damu ya mzee, na mstari wa njano. Akaniambia kwamba juu imepauka, na masizi yameshika nyuma ya bomba la moshi, upande ambao upepo wa njia yetu uliyapeleka. Wakawa wanapokezana. Fundi viatu akasema, "Dereva, chini ya kidirisha rangi imeliwa mpaka chuma, mahali padogo tu, kama pa kiwiko." Akaniomba nimwambie ni nini. Nikainua kiwiko changu nikamwonyesha.

Siku ile hakuna aliyeniita kitu kingine. Walipoondoka walisema kwaheri Dereva.

Kwa hiyo sasa unajua, ingawa nahisi ulikuwa unajua. Chombo kile cha kwanza ni kijani, wameniambia. Kijani! Na wewe ukanyamaza, ukaniletea cheupe ukisingizia duka. Umenidanganya vizuri sana. Umerithi kwangu.

Nilikuwa nikijivunia kwamba nimemwendesha Mama Mkwe. Tangu wiki iliyopita najivunia zaidi kwamba aliyemjenga ni mwanangu, na kila anayepita dirishani namwita aingie aguse. Upande wa kushoto kwanza, wengine nawafumba macho kwa mkono wangu.

Njoo likizo ikifika. Usije kunishika mkono, hatua zangu nazijua. Kuna kazi. Chombo kile cheupe nimekipapasa chote, ndani na nje, na hakina kiti cha dereva. Kinachofuata kiwe na kiti, na mlango uwe upande wa kushoto.

Baba yako,
Dereva

Mdogo wangu, mimi nimeandika anwani juu ya bahasha tu. Humu ndani sijasahihisha kitu. Karani.